Nilimfanya Mama Zuhura kuwa Mshindani

Kosa ni langu, na nililifanya kwa rula na kalamu nyekundu. Sina wa kumsingizia.

Mimi ni msichana wa kidato cha tano, mwenye aibu kiasi kwamba mteja akiniuliza bei natamani kujificha chini ya meza. Mama anauza karanga na mlenda mkavu soko la Majengo, hapa Dodoma. Pembeni yake yupo Mama Zuhura wa Kondoa, naye anauza karanga na mlenda mkavu. Ijumaa Mama Zuhura akienda kuswali, mama humuuzia. Jumapili mama akienda kanisani kuimba kwaya, Mama Zuhura humuuzia. Wanaitana shoga. Hawajawahi kuandikiana chochote.

Likizo hii kaka yangu wa chuo aliacha nyumbani kitabu cha uongozi wa biashara chenye nadharia ya michezo, si ya mpira, ni ya kukisia mwenzako atacheza vipi. Jamani, nilikipenda! Kinasema huna haja ya kuongea na mtu, unamkisia tu atafanya nini. Hiyo si dini ya watu wenye aibu?

Nikasoma sura mbili. Wafungwa wawili wamewekwa vyumba tofauti, na kila mmoja anapata nafuu akimsaliti mwenzake. Nikachora jedwali la visanduku vinne kwenye daftari langu la siri. Mama upande huu, Mama Zuhura upande ule. Jibu likatoka: saliti!

"Mama," nikasema, "Mama Zuhura ni mshindani wako."

"Mshindani? Yule aliyenikimbiza hospitali nikajifungua wewe? Hebu chambua karanga."

Nikaandika kwenye daftari: *Mama hana mkakati.*

Ijumaa mama alikuwa msibani Haneti, mezani nimebaki peke yangu. Mama Zuhura akajitanda mtandio. "Mwanangu, nakwenda kuswali. Niangalizie."

"Haya. Shikamoo."

"Marahaba."

Alipopotea tu, nikafunika meza yake kwa turubai! Wateja wake walipokuja nikawaambia amefunga, nikawauzia za kwetu. Mzee mmoja akashangaa: "Amefunga? Mbona Ijumaa zote mama yako ananipimia za huyu?"

"Uongozi umebadilika," nikajibu. Mimi, niliyekuwa siwezi kutaja hata bei!

Mama Zuhura akarudi, akaangalia turubai, akaniangalia mimi. "Wateja hawakuja leo?"

"Hawakuja. Shikamoo."

"Marahaba. Ulishaniamkia."

Sikujua kwamba yule mzee alikutana naye njiani. Jioni nikaandika: *Ushindi.*

Jumapili, mama akiwa amesharudi, alipanga meza kama kawaida na kuaga: "Shoga, nakwenda kanisani." Siku zote hujibiwa, "Haya shoga, niombee na mimi." Safari hii akajibiwa, "Haya." Basi!

Mama hakushtuka. Mimi nilishtuka katikati ya ibada. Kumbe na Mama Zuhura zamu yake ya kucheza inafika! Nitamwambiaje mama, naye amesimama mbele anaimba sauti ya pili, macho amefumba?

Tuliporudi tulikuta mbuzi wawili juu ya mlenda wetu, karanga zimetapakaa mpaka barabarani. Mama Zuhura amekaa palepale, anajipepea.

"Shoga, mbuzi!"

"Nimewaona. Nilidhani umefunga."

"Nimekukosea nini mimi?"

"Muulize meneja wako."

Mstari mzima wa meza ukanigeukia. Nikasema yote, na jedwali nikalitaja, nikilia. Muuza nyanya akauliza, "Na mbuzi uliwaweka kisanduku kipi?" Walicheka! Mama hakucheka. Hakunipiga pia. Afadhali angenipiga.

Sasa mama haendi kwaya, Jumapili analinda meza. Mama Zuhura Ijumaa anafunika ya kwake. Hawaitani shoga tena. Wanaitana jirani, kwa adabu kubwa inayouma.

Usiku wa Jumapili ile ya mbuzi nilisoma sura ya tatu. Inahusu wachezaji wanaokutana tena kesho, na keshokutwa, na siku zote. Sura ya tatu! Kwa nini hawakuiweka mwanzo?

Ijumaa iliyopita Mama Zuhura alifunika meza, ila kopo lake la kupimia akaliacha juu ya turubai. Nilitafuta kisanduku cha kopo kwenye jedwali langu, sikukipata. Ikabidi nifungue mdomo.

"Mama Zuhura, nikuuzie?"

"Kitabu chako kinasemaje?"

"Sijakiuliza."

Akafunga mtandio polepole. "Karanga mpya ziko chini. Usimpunje yule mzee."

Nilimpimia mzee hadi kopo likamwagika. Mama aliona, akaendelea kuchambua karanga. Jumapili mama bado halindiwi meza, na siku atakapolindiwa tena ndiyo ninayoisubiri.

Wenzangu mnaosoma biashara, nawaomba: kabla hujamchora jirani kwenye jedwali, muulize mama yako amemjulia wapi. Na kitabu mkisome mpaka mwisho, maana mbuzi hawasubiri sura ya tatu.