Mashuka ya Kuazima

Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze (na mimi si mtu wa kuona haya ovyo, waulizeni niliofanya nao kazi).

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa sista msimamizi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja hapa Machakos, wagonjwa wanalalia leso walizokuja nazo, na manesi wangu wamechoka mpaka Ndinda, niliyemtegemea kuliko wote, akaomba uhamisho. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mashuka yatakuja," maana kazi ya kiongozi ni kuwapa watu moyo, na kwa hilo mimi sijambo.

Kweli tukasikia wafadhili wanakuja kutoka Nairobi, wachague wodi ya kupewa mashuka mapya. Mtu mwenye akili angewaonyesha zile leso. Mimi nikasema wageni hawawezi kuacha kitu chao mahali palipokata tamaa (nilisema hivyo kwa sauti, tena nikaitikiwa), nikamwendea rafiki yangu Sista Mwikali wa wodi ya wanaume, nikaazima mashuka yake yote na kuapa yatarudishwa wageni wakiwa kwenye chai.

Wakaja, wodi inang'aa, mimi kifua mbele, wakasifu weee! Nikawaonyesha njia ya kwenda kwenye chai. "Asante Sista, chai baadaye," mkubwa wao akasema, wakaingia moja kwa moja kwa Mwikali na kukuta magodoro matupu na wanaume wazima wamejifunika makoti.

Basi tukakusanywa uwanjani, wafanyakazi wote, yule mkubwa akatangaza mashuka yanakwenda wodi ya wanaume. "Kwa Sista huyu hakuna shida. Tumpigie makofi!"

Nikapigiwa makofi. Ndinda tu ndiye hakupiga, alikuwa ananitazama, na yale macho yaliniuma sana. Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

"Samahani. Hizo shuka mliona kwangu ni za Mwikali."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, dereva wa ambulensi akaegemea gari lake asianguke. Mgeni hakucheka. "Sasa tuamini wodi gani?"

"Twendeni tuone tena," matroni, mkuu wa manesi wote, akasema, bila kunitazama.

Kumbe watu wa Mwikali walikuwa wameshachukua mali yao. Mama Nduku wa Kathiani, mgonjwa wetu wa kitanda cha mlangoni, kutuona tu akashika kitanda kwa mikono miwili.

"Aiya, Sista! Hata hii godoro ni ya kurudisha?"

Hapo mgeni akacheka mpaka akatoa machozi, na mashuka yakagawanywa nusu kwa nusu. Ndinda alitandika yetu mwenyewe, na habari ya uhamisho sikuisikia tena.

Bado nawapa watu moyo, hilo siachi. Lakini wageni wakitangazwa, hata ndoo inayokinga maji ya paa siisogezi. Na Mwikali mpaka leo nikimwomba kitu, hata sufuria ya harusi, lazima kwanza aniulize mbele za watu, "Ni ya kutumia ama ni ya kuonyesha?"