Simu Iliyonyamaza Msimu wa Ndege

Mwanangu, kwa kuwa unaanza kazi ya kuwasikiliza watu walioumizwa na maamuzi ya mitambo, nianze na ujinga wangu. Ningeufanya ujanani ningesamehewa; nimeufanya juzijuzi tu, na mvi zote hizi.

Jirani yangu hapa Viwanja Sitini, Mama Beatus, kila mwaka mpunga ukianza kutoa masuke huhamia dunguni, kibanda cha shambani kule Idete, kuamia ndege wasiule. Mimi siendi, mbu wa bondeni wananipenda mno, na kitanda changu kina wivu. Huko mtandao haukamati, kwa hiyo safari hii simu yake ilikaa kimya mpaka mavuno. Aliporudi, laini ilikuwa imefungwa. Hakuna mtu aliyeamua. Mtambo uliona namba haitumiki, ukaikata.

Akaja kwangu, eti kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne. Nikamweleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba mfumo haukosei, kosa ni lake: angetoka mara mojamoja akapige simu. Atoke, ndege wabaki na mpunga! Akanishukuru, akaenda zake. Nikajiona mtu wa maana.

Jioni nikamkuta uani, simu mapajani, anaifuta vumbi kwa kanga. Ndipo nikakumbuka: mwanawe Beatus yuko machimboni, mbali, hupiga kwa simu za kuazima, na namba anayoijua ni hiyo moja. Laini imekufa, na bado mama alikuwa amekaa pale pale ambapo mtandao hukamata vizuri.

Kesho yake tukaenda pamoja kwenye duka la kampuni ya simu. Kijana wa kwanza akatusomea yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, akautetea mtambo kama nilivyofanya mimi. Tukaomba mkubwa wake, Mama Beatus akamweleza dungu ni nini. Namba ilikuwa haijapewa mtu mwingine, ikarudi. Beatus bado hajapiga. Labda alipiga msimu ule, akaambiwa namba haipo. Siku hizi jioni nakaa naye, tunaitazama simu wote wawili.

Basi mtu akija kwako, usianze kuutetea mtambo. Muulize kwanza amepoteza nini, kisha nenda naye mpaka kwa mwenye uwezo wa kubadili. Mungu akupe masikio yenye subira, na miguu isiyo mivivu kama yangu.

Nimemsomea Mama Beatus haya yote. Akasema, "Umeandika vizuri, mzee. Ila siku ile ulinifundisha mambo ya mitambo mpaka chai ikapoa, hukuniuliza hata nilikuwa nasubiri simu ya nani."