Mapaa Matano ya Ghala la Ngano

Kalenda ile aliileta mtaalamu wa matrekta kutoka Asia. Kabla ya kwenda likizo aliitundika ofisini, kwenye shamba la serikali kule Hanang. Ilikuwa na picha ya mnara wenye mapaa matano, kila paa dogo kuliko la chini yake.

"Kijana, wewe una kidato cha nne," meneja aliniambia. "Hili jengo ni la nini?"

Sikujua. Lakini nilikuwa kibarua wa ghala nikingoja barua ya ajira ya kudumu, na mama yangu kule Bashay alikuwa ameshapeleka jogoo kanisani kushukuru kwa barua ambayo haijaandikwa. Jogoo akishaliwa, husemi "sijui".

"Ni ghala la ngano, mzee. Iliyo bora inakaa juu, mbali na unyevu."

"Unaona! Ndiyo maana wenzetu wameendelea."

Matrekta matatu yalikuwa yamelala kwa kukosa vipuri, lakini mabati yalipatikana. Meneja akaamuru, mafundi wakaongeza mapaa manne juu ya ghala letu. Chini yake hapakuwa na ghorofa hata moja. Ni mapaa tu, yakipiga kelele kwa upepo.

Mtaalamu aliporudi alisimama mlangoni, akavua viatu, akaunganisha viganja, akayainamia magunia.

"Kwetu hii pagoda," alisema. "Watu wanasali. Ninyi pia?"

Meneja akanigeukia. Nikamwona jogoo wa mama akirudi kunidai. Lakini kukiri kungemwaibisha meneja kwanza, naye alikuwa bosi.

"Sisi ngano tunaiheshimu sana," akajibu. "Humu hakuna anayeingia na viatu."

Kesho yake ikawa amri. Tulibeba magunia pekupeku, mabua yakituchoma nyayo. Mzee mmoja mpakiaji kila asubuhi aliinama mlangoni: "Shikamoo, ngano!"

"Mbona haiitikii, mzee?" nilimuuliza.

"Itaitikiaje, nayo imeajiriwa serikalini?"

Barua yangu ilitoka mwezi huohuo: msaidizi wa ghala, mwangalizi wa viatu.

Shamba lilikufa, mapaa yakaondoka na upepo, nami nikaondoka na njia. Katika kutangatanga kwangu nilifika hadi Asia, nikasimama mbele ya pagoda ya kweli. Nilivua viatu upesi kuliko waumini wenyewe. Ndani kulinukia ubani. Nikafumba macho, nikavuta pumzi ndefu, nikitafuta vumbi la ngano.