Siku Nilipofuata Unga Wangu Matangani

Nichekeni kwanza mmalize, ndipo niwasimulie, maana hadi leo nikiona mfuko wa unga wa ugali uso unaniwaka kwa aibu, ingawa (nisikizeni vizuri) kosa halikuwa langu peke yangu.

Mwaka huo, tisini na kitu, jengo moja hapa Etobicoke, mjini Toronto, liliungua, wenzetu wakatoka na nguo za kulalia tu, karatasi zao zote zikawa majivu. Kazini tukashauriwa kila familia iweke stakabadhi zake pamoja karibu na mlango, kengele ya moto ikilia unanyakua unatoka. Ushauri mzuri. Lakini mimi na ujuaji wangu nikajiuliza, na mwizi je? Basi nikafunga pasipoti zetu, karatasi za uhamiaji na vyeti vya watoto ndani ya plastiki, nikazizika katikati ya mfuko wa unga wa kilo kumi, nikauweka mlangoni. Mwizi gani wa Toronto ataiba unga? Nikalala usingizi wa pono. Mume wangu sikumwambia, mdomo wake hauna kifuniko.

Wiki hiyohiyo Mama Furaha wa Crescent Town, Mkongo tunayesali naye, akafiwa na kaka yake huko kwao. Jumamosi narudi kutoka kazini, mlangoni hakuna kitu.

"Baba Neema, unga uko wapi?"

"Si nimeupeleka matangani? Nilidhani umeuweka hapo kwa ajili ya matanga."

Alidhani! Na Jumatatu asubuhi familia nzima tumeitwa kuhojiwa uhamiaji, na barua imesema wazi, bila karatasi halisi tusijisumbue kuja!

Nikapanda basi, nikapanda treni, na yunifomu yangu ya usafi, nikafika kwa Mama Furaha, ghorofa ya kumi na mbili, nikakuta watu wameinamisha vichwa wanaomba. Nikapenya katikati yao hadi jikoni. Mifuko sita, yote ya aina moja, na maji ya ugali yanachemka. Nikawanong'oneza akina mama, "Samahani, nimekuja kuchukua unga wangu."

Hebu fikirieni maneno hayo yalivyosikika.

"Unga wa matanga?" akauliza mmoja. "Unaurudisha kwako?"

Ningejibu nini? Nitangazie nyumba nzima ninapoficha pasipoti? Nikafungua mfuko wa kwanza, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Wa pili. Wa tatu. Unga ukatimka, watu wakapiga chafya, maombi yakakatika, mchungaji mwenyewe akaja kuchungulia. Bibi mmoja akanishika bega kwa huruma (huruma hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote) akasema, "Binti yangu, kama kwako hamna chakula, ungesema tu."

Mimi! Ninayefanya kazi zamu mbili!

Ulikuwa mfuko wa tano. Nikaiinua ile plastiki juu, napiga kelele, "Ni karatasi! Ni karatasi zetu!" nao wakanitazama kama mgonjwa. Mama Furaha, machozi yakiwa bado usoni, akaniambia polepole, "Beba tu na unga yako, mama. Haina shida."

Mahojiano tulipita. Siku hizi karatasi ziko kwenye droo ya chumbani na kila mtu nyumbani anajua, hata kitindamimba, na sitaficha tena kitu cha familia peke yangu. Lakini kamati ya matanga haisahau. Tukigawana vya kupeleka, wenzangu hupewa unga, mchele, nyama. Mimi huambiwa, "Mama Neema, wewe lete sahani za kutupa. Hizo hutazifuata."