Nilivyokwenda Kuzuia Ndoa ya Majilio

Kwanza niseme kaka yangu hana kosa. Tangu nipunguzwe kazi kiwandani, uzee wa kanisa ndio kazi niliyobaki nayo, na labda ndiyo maana nauzidisha. Kanisani kwetu Nzuguni hatufungi ndoa wakati wa Majilio. Majuma yale ni ya kutubu na kumngoja Bwana.

Jumamosi nikaona turubai kwa kaka, masufuria ya wali, binti yake Neema katika gauni jipya, na wageni wa Kongwa wamevaa suti. Nikaingia bila hodi.

“Kaka, unamwoza mtoto kwa siri, Majilio haya? Na nyie wageni, kwenu hakuna kanisa?”

Mke wa kaka akaweka mwiko chini. “Hatuozi, shemeji. Wamekuja kujitambulisha tu. Ndoa ni baada ya Krismasi.”

“Mbona mimi, baba yake mdogo, sikuitwa?”

Kaka alinijibu kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma. “Tuliogopa ungefanya hivi.”

Nikageuka niwaombe wageni radhi. Mzee wao alikuwa ameshainama anafunga kamba za viatu, na Neema amepiga magoti mbele yake, anasema, “Baba, chakula kiko tayari.”