Mkanda Uliokaa Iringa

Mwaka wote ule tulimwita mwoga. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo nikichambua maharage, majirani walimwita hivyo mtoni, na mjomba wa mume wangu alilitamka neno hilo kila alipokuja kwetu, kabla hata hajakaa. Mtu tuliyemsema alikuwa bingwa wa ngumi wa Nyanda za Juu, mwenyeji wa Iringa. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona.

Mume wangu alikuwa mpasua mbao kwenye misitu ya juu ya Mbeya. Kazi ile ya kuvuta msumeno kutwa nzima, mmoja amesimama juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, ilimpa mabega yaliyomsumbua kila fundi aliyemshonea shati. Mjomba wake alikuwa amejifunza ngumi jeshini, wakati wa vita vya Burma, na aliporudi akamfundisha nyuma ya nyumba yetu, kwenye gunia la pumba lililoning'inizwa mkaratusini. Miaka ile ya hamsini ngumi zilipendwa sana. Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa, na waliokosa nafasi walipanda madirishani. Mume wangu aliwashinda wote wa Mbeya, mmoja baada ya mwingine, hadi hakubaki wa kupigana naye.

Kamati ya ngumi ilikuwa na makao yake Iringa. Kanuni yake ilijulikana kwa kila mtu: mshindi wa Mbeya anapewa nafasi ya kuupigania mkanda wa ubingwa, na bingwa haruhusiwi kumkwepa. Akimkwepa, ananyang'anywa. Walituambia pambano litakuwa kabla ya mvua.

Mvua zikaanza. Katibu wa kamati akaja Mbeya mwenyewe, mtu mpole aliyevaa koti hata jua likiwaka, akasema bingwa ameumia mkono. Zilipokwisha mvua, akasema ukumbi unapakwa chokaa. Baadaye ikawa bingwa amefiwa na ndugu, halafu ikawa glavu mpya hazijafika kutoka pwani. Kila mara alikunywa chai yangu, akamsifu mume wangu, akaondoka na lori la asubuhi.

"Wanataka uzeeke," mjomba alimwambia mume wangu. "Mkanda ukija Mbeya, na mapambano yote yatakuja Mbeya. Wao watabaki na nini?"

Nami niliamini hivyo. Lakini kuna jambo lilinikaa vibaya. Safari ya mwisho, nilipokuwa namwekea katibu maji ya kunawa, nilimwuliza kwa mzaha kama kweli bingwa wao anamwogopa mume wangu kiasi hicho. Hakucheka. Aliutazama mkono wake mwenyewe, akaukunja ngumi na kuukunjua, akasema, "Mama, ombeni tu Mungu." Sikumwelewa. Wiki ile ile dereva mmoja wa lori akatusimulia pale Uyole kwamba bingwa alianguka sokoni Iringa, akabebwa. Watu wake walisema ni malaria.

Mjomba hakutaka kusikia habari za malaria. Aliwakusanya wazee wa Mbeya, wakaenda kwa ofisa wa Kizungu aliyekuwa mlezi wa ile kamati, wakamwambia kanuni ni kanuni: bingwa apigane au avuliwe mkanda. Ofisa akakubaliana nao. Kamati ikabanwa, na siku ya pambano ikatangazwa. Nyumbani kwetu watu waliimba. Mume wangu hakuimba. Alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga lile gunia hadi mshono ukaachia na pumba zikamwagika miguuni pake.

Tulisafiri na lori la viazi. Ukungu ulitufuata kutoka Uyole, ukatuacha, kisha ukatupokea tena tulipokaribia Iringa, mzito hivi kwamba utingo alishuka kutembea mbele ya taa. Tulifikia Kihesa kwa shangazi yangu, aliyeolewa na mwalimu wa Kilutheri. Ndipo shangazi akaniambia kwamba nyumba ya bingwa ilikuwa ya pili kutoka kwake, ng'ambo ya ua wa minyaa.

Siku moja kabla ya pambano nilitaka kuinyosha kaptula ya mume wangu, na pasi ya shangazi ilikuwa imevunjika mpini. "Kaombe kwa jirani," aliniambia. "Mkewe ni mtu mzuri. Ngumi ni za wanaume."

Nilipopita ule ua nilimkuta mwanamume ameketi juani na kikombe cha uji. Mikono yote miwili ilikishika, na bado uji ulimwagika kidogo kidogo magotini mwake. Alikuwa mtu mzuri wa sura, shingo nene, nyusi zenye makovu. Nilimsalimu kwa Kihehe changu kibovu, "Kamwene."

"Kamwene," alijibu, akatabasamu. "Umefika lini, dada?"

"Jana, kaka."

Aliutazama uji wake. Kisha akainua uso. "Kamwene. Umefika lini, dada?"

Nikajibu tena. Mkewe alitoka ndani akiwa na kitambaa, akampangusa magoti kama anavyopanguswa mtoto. Akanijua mimi ni nani kwa lafudhi yangu tu. Aliponiletea pasi jikoni, hakuiachia. Tulisimama tumeishika wote wawili.

"Umemwona," alisema.

"Nimemwona. Tangu lini?"

"Tangu pambano lile lililompa mkanda. Kwanza ilikuwa kichwa tu. Sasa hawezi kufunga vifungo vya shati. Kila asubuhi ananiuliza kama leo ndiyo siku ya ngumi."

"Na kamati?"

"Katibu anajua, dada. Ndiye aliyekuwa anasogeza siku. Alitaka apone kwanza. Wenzake wakasema hawezi kuuvua mkanda bila kupigana, akiuvua utahamia Mbeya bure. Sasa ninyi mmekwenda kwa Mzungu." Hakusema kwa hasira. "Ninyi mlidhani anaogopa."

"Mzuie asiende."

"Nimeficha viatu vyake mara mbili. Wamemletea vingine."

Nilirudi kwa shangazi bila ile pasi. Mume wangu na mjomba walikuwa wanakula. Niliwaeleza yote, hadi vile vifungo vya shati.

Mjomba alicheka. "Wamekupata. Hiyo ni mbinu ya Iringa. Wanamlegeza mumeo mkono kupitia kwako."

Mume wangu hakucheka, lakini aliniuliza kwa ukali, "Wewe ulikwenda kufanya nini huko?"

"Kuazima pasi."

"Basi nitavaa kaptula yenye makunyanzi," alisema, akaendelea kula.

Siku ya pili ukumbi ulijaa tangu saa saba. Wanawake tulikuwa wachache, tumekaa kwenye benchi la nyuma. Mke wa bingwa hakuja. Bingwa aliingia ameshikwa bega na katibu, na watu wakapiga kelele za furaha kwa sababu walikuwa hawajamwona kwa muda mrefu. Alivaa ule mkanda. Ulipofunguliwa kiunoni aliufuata kwa mkono, hadi katibu alipomnong'oneza kitu.

Kengele ilipolia nilidhani mimi ndiye niliyeota. Yule mtu wa uji alicheza miguu, akainamisha kichwa, na ngumi yake ya kushoto ikamfikia mume wangu mdomoni mara mbili kabla hajajipanga. Mwili ulikuwa unakumbuka wenyewe. Ukumbi ulitikisika. Mume wangu naye akamrudishia moja ya mbavu, nzito, niliisikia kule nyuma.

Kisha raundi ikaisha, na bingwa akaja kwenye kona yetu. Alitembea moja kwa moja hadi kwa mjomba, akageuka, akaketi kwenye kigoda cha mume wangu na kufungua kinywa ili apewe maji. Watu walicheka sana. Walidhani anatudharau. Mume wangu alisimama mbele yake akimtazama machoni, karibu sana, mpaka watu wa Iringa walipokuja kumchukua.

"Hajui kona yake," mume wangu alisema.

"Basi mmalize," mjomba akajibu.

Kuanzia hapo mume wangu hakupiga tena. Alimkumbatia yule mtu. Kila bingwa aliporusha ngumi, yeye aliingia ndani yake, akamshika mikono, akamwegemeza kifuani, wakazunguka hivyo kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja. Mwamuzi aliwatenganisha, wakarudi vile vile. Mara chache alimgusa mabegani ili ionekane. Watu walizomea. Vijana waliotoka nasi Mbeya walimtukana kwa Kinyakyusa, kwa lugha ya nyumbani, waziwazi. Naye aliendelea, damu ikimtoka mdomoni, hadi kengele ya mwisho.

Ushindi walimpa bingwa. Mume wangu hakusubiri kuvua glavu. Alimwendea katibu pale pale kando ya ulingo. "Bwana, yule ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali. Mkanda kaeni nao, siutaki."

Mzee mmoja wa kamati aliyesimama karibu ndiye aliyejibu. "Umeshindwa naye, halafu unamwita mgonjwa? Mgonjwa gani huyo anayesimama raundi zote?" Katibu alikuwa anatazama sakafu.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyezungumza nasi. Mbeya walisema ameuza pambano. Mjomba hakukanyaga kwetu tena hadi mwaka uliofuata, na wenzake wa msituni walikataa kushika naye msumeno mmoja, ikabidi atafute kijana mgeni kutoka Usangu. Niliyajali hayo kwa siku za mwanzo tu. Kilichonikosesha raha kilikuwa kingine: pale Iringa sasa hapakuwa na sababu yoyote ya kuchelewesha. Bingwa alikuwa amesimama mbele ya watu wote. Machoni pao alikuwa mzima.

Hawakuchelewesha. Walimpa mpinzani mwingine upesi, kijana mwenye nguvu kutoka Ruaha Mbuyuni aliyebeba magunia ya vitunguu. Habari alituletea dereva yule yule wa lori. Alisema haikuwa hata ngumi kubwa. Bingwa aliguswa kichwani, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, akalala, na hospitali hakuamka.

Tulikwenda kuzika. Watu wa Iringa walitupisha njia, sijui kwa heshima au kwa aibu. Mjane alipomwona mume wangu alimshika mikono yote miwili, akaitazama kwanza juu, kisha viganjani, akasema, "Asante kwa siku ile."

Kamati ilikuwa imeuweka mkanda juu ya jeneza. Kabla ya kuteremsha, mjane aliuondoa, akamkabidhi katibu. "Chukueni. Kuna mtu anausubiri." Yule kijana wa vitunguu alikuwa amesimama nyuma ya watu, amevaa shati jeupe, akilia bila kujificha.

Tulipokuwa tunatoka makaburini, mzee yule wa kamati alitufuata. Alimpa mume wangu pole, akauliza hali ya barabara, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayefanya hisani, "Kwa kanuni, wewe ndiye unayefuata. Tutapanga siku. Safari hii hatutachelewa."

Mume wangu akanishika mkono tukaondoka. Hakumjibu siku ile, wala walipotuma watu Mbeya, mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu walimtuma katibu. Nilimpa chai, naye hakuinywa. Alikaa na koti lake, akatuambia wamempata mpinzani mwingine, kijana wa Njombe, na kwamba yeye kazi ile anaiacha.

"Na yule wa vitunguu?" mume wangu akamwuliza. "Anaendeleaje?"

"Anaumwa kichwa," katibu alisema.