Wifi Yangu Agatha Majini

Baba mkwe wangu, mzee Friesen, alimwaga zege la misingi ya nusu ya nyumba za mji wetu hapa Manitoba, Kanada, na marehemu mume wangu akaendeleza kazi hiyo. Kwa hiyo theluji ilipoanza kuyeyuka na chumba cha chini cha nyumba yetu wenyewe kikalowa, sikutaka gari la fundi lisimame mlangoni, jirani yetu Penner wa ng'ambo ya barabara akiangalia.

Wifi yangu Agatha, dada wa marehemu, aliniunga mkono. Yeye huendesha basi la shule hata kwenye tufani ya theluji, na sijapata kumwona akiogopa.

"Pampu ni ndoo yenye mota tu, wifi. Niachie mimi, wewe kasome vitabu vyako."

Akapasua sakafu kwa nyundo ili achimbe shimo la kutumbukiza pampu ya kutolea maji. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu, maana ardhi ilikuwa imeshiba maji. Yalifoka kutoka shimoni. Akatumbukiza pampu, akaichomeka kwenye waya wa kuongezea umeme, ikanguruma, lakini maji yakaizidi nguvu. Kutoka kwenye ngazi niliyaona yakielekea pale plagi ilipoungana na ule waya, sakafuni.

"Agatha, toka! Plagi inalowa!"

"Acha kelele, nazima."

Swichi kuu ilikuwa kwenye ukuta wa upande wa pili. Alipiga hatua mbili, taa ikafifia, naye akasimama ghafla.

"Wifi," alisema polepole, "miguu inanichoma."

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Nikashuka kidato kimoja.

"Usishuke! Utakufa na wewe!"

"Basi panda meza! Hiyo ya mbao, hapo nyuma yako!"

Alijikokota akapanda, akajikunyata juu yake. Maji yalikuwa yanaigusa miguu ya meza. Nikakimbilia simu, nikawaita zimamoto, nikatoka nje bila viatu.

Walikuja na ving'ora, mtaa mzima ukatoka. Walipokuwa wakikata umeme kwenye mita ya nje, Penner akanisogelea.

"Kumbe hata akina Friesen mnavuja?"

"Tunavuja," nilimwambia. "Hebu nipishe, simwoni Agatha."

Alitoka ameshikwa na kijana wa zimamoto, meno yakigongana.

"Umetutangaza, wifi. Kaka angekuua."

"Nyamaza."

Nilimvika koti langu, nikamfunga vifungo hadi shingoni, Penner akiangalia.